Je, wajua? Idadi ya watoto maskini inaweza kushuka bila familia hata moja kupata nafuu

Mwaka wa fedha wa 2010/11, takwimu za serikali ya Uingereza zilionyesha kuwa watoto wanaoishi katika kaya zenye kipato cha chini walipungua kwa takriban 300,000 ndani ya mwaka mmoja, wakafikia milioni 2.3. Ungedhani ni habari njema. Kumbe mwaka huohuo kipato cha kaya ya kawaida nchini humo kilikuwa kimeporomoka kwa asilimia 3 hivi, ukishaondoa mfumuko wa bei. Watu wanazidi kubanwa, na watoto maskini wanapungua. Inawezekanaje?

Jibu lenyewe halina uchawi, lakini kulifikia kunadai kwanza tuondoe dhana moja potofu ambayo mimi mwenyewe niliibeba kwa miaka.

Kipimo kilichotoa tarakimu hizo ndicho kinachotumika Ulaya karibu yote: kaya huhesabiwa kuwa na kipato cha chini ikiwa inapata chini ya asilimia 60 ya kipato cha kati, yaani kipato cha kaya inayosimama katikati zote zikipangwa kwa kipato. Ni kipimo cha kulinganisha. Hakiulizi familia ina nini, kinauliza imeachwa umbali gani na wengine. Niliposikia neno "kulinganisha" nikafunga kesi papo hapo. Nikasema, basi umaskini wa namna hii hauwezi kuisha, maana daima watakuwepo walio chini ya wenzao. Nilikuwa nikilisema kwa kujiamini kabisa, kwa sauti ya mtu aliyegundua kosa ambalo wachumi wote wamepita juu yake bila kuliona. Mpeni kila mtu utajiri, nilikuwa nikisema, na mstari huo wa asilimia 60 utapanda pamoja nao, na maskini watabaki walewale.

Sentensi hiyo ya mwisho ni kweli. Ukizidisha kipato cha kila kaya mara mbili, hakuna atakayevuka mstari, juu wala chini. Ila kutoka hapo hadi "hauwezi kuisha" kuna shimo, na mimi nililiruka.

Fikiria darasa la wanafunzi 41. Mtihani ukishasahihishwa, lazima awepo wa mwisho. Hata wote wakiwa na akili za kutisha, mmoja atakuwa wa 41. Hiyo ni nafasi, na nafasi haifutiki. Sasa mwalimu atangaze kwamba alama ya kufaulu ni asilimia 60 ya alama za mwanafunzi wa katikati, yaani yule wa 21. Huyo akipata 70, alama ya kufaulu ni 42. Wa mwisho akipata 44, amefaulu. Bado ni wa mwisho, nyumbani atasemwa vilevile, lakini darasa zima halina aliyefeli. Mimi nilikuwa nimechanganya kuwa wa mwisho na kufeli. Kipimo cha asilimia 60 hakina habari na nani ni wa mwisho.

Neno lililoniponza ni "wastani". Kwa mazungumzo ya kila siku tunaliita wastani jambo lolote la katikati, kumbe katika hesabu hizi kuna vitu viwili. Chukua kaya tisa zenye vipato hivi, kwa kizio chochote upendacho: 40, 50, 70, 90, 100, 120, 150, 200, 500. Wastani wa kujumlisha na kugawa ni kama 147. Kipato cha kati ni 100, kwa sababu ndicho cha kaya ya tano, inayosimama katikati ya foleni, nne mbele na nne nyuma.

Sasa yule wa 500 apate bahati ya ajabu, afikie 5,000. Wastani unaruka hadi 647 hivi, na asilimia 60 yake ni 388. Ungetumia huo, kaya nane kati ya tisa zingekuwa maskini kufumba na kufumbua, bila lolote kubadilika majumbani mwao. Kipato cha kati hakitikisiki. Kaya ya tano ni ileile, ina 100 ileile, na mstari unabaki 60. Ni kama kupiga picha watoto waliopangwa kwa urefu: mrefu kuliko wote akipanda juu ya kiti, anayesimama katikati ya mstari habadiliki. Ndiyo maana wapimaji waliukimbia wastani.

Na picha hiyohiyo ndiyo inayoizika hoja yangu ya zamani. Chini ya mstari wa 60 kuna kaya mbili, ya 40 na ya 50. Ziinue zote mbili hadi 65. Foleni sasa ni 65, 65, 70, 90, 100 na kuendelea. Ya tano bado ina 100, mstari bado ni 60, na aliye chini yake hayupo. Imekuwa sifuri, wakati tofauti ya kipato kati ya kaya na kaya bado ipo, tena kubwa. Kilichohitajika ni nusu ya chini isogee karibu na katikati. Nusu ya juu inaweza kufanya itakavyo.

Nje ya karatasi sijui nchi iliyofika sifuri, lakini tofauti kati ya nchi na nchi zinatosha kuonyesha kwamba tarakimu haikufungwa na hesabu. UNICEF ilipozipanga nchi tajiri mwaka 2012, ikitumia mstari mkali kidogo wa nusu ya kipato cha kati, Iceland ilikuwa na asilimia 4.7 ya watoto chini ya mstari na Marekani asilimia 23.1. Kama umaskini wa kulinganisha ungekuwa jambo la lazima kihesabu, namba hizo zingefanana.

Turudi Uingereza. Katika zile kaya zetu tisa za mwanzo, tuseme uchumi unayumba na kila aliye kuanzia nafasi ya nne kwenda juu anapoteza sehemu moja ya tano. Foleni inakuwa 40, 50, 70, 72, 80, 96, 120, 160, 400. Kipato cha kati ni 80 na mstari umeshuka hadi 48. Kaya ya 50, ambayo jana ilikuwa maskini, leo imevuka. Haikupata kitu; mstari ndio uliopita chini ya miguu yake. Idadi ya maskini imepungua kwa nusu katika mwaka ambao hakuna aliyepata nafuu. Ugeuze upande wa pili, wote hao waongezewe sehemu moja ya tano, na mstari unapanda hadi 72, unaimeza kaya ya 70 ambayo haikupoteza chochote.

Ndivyo ilivyokuwa 2010/11, ingawa kwa mapana yake si safi kama mfano wangu. Mishahara ilibaki nyuma ya bei, ikavuta kipato cha kati chini, huku kipato cha walio chini, kinachotegemea zaidi posho za serikali, kikijishikilia vizuri zaidi. Kejeli ni kwamba huo ndio uliokuwa mwaka wa kuhesabiana. Tony Blair alikuwa ameahidi mwaka 1999 kuufuta umaskini wa watoto ndani ya kizazi kimoja, na hatua ya nusu ya safari ilikuwa kushuka kutoka watoto milioni 3.4 hadi milioni 1.7 ifikapo 2010/11. Lengo lilikosekana kwa watoto 600,000, na hata hapo palipofikiwa, sehemu ya msaada ilitoka kwa mdororo wa uchumi.

Je, kipimo ni kibovu? Sidhani. Kinajibu swali lake kwa uaminifu. Tatizo ni kukiuliza swali la mwenzake. Kwa hiyo wapimaji huweka na mstari wa pili kando yake, uliogandishwa: wanachukua asilimia 60 ya kipato cha kati cha mwaka fulani wa zamani, kisha wanaupandisha kwa mfumuko wa bei tu. Huo haushuki uchumi ukianguka. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 kuhusu umaskini wa watoto iliweka malengo kwa vipimo vinne kwa pamoja, na hivi viwili vikiwemo.

Mpaka hapa watoto wenyewe hawajaonekana, nimezungumza kana kwamba kila kaya ni mtu mmoja. Kipato cha 180 kwa mtu anayeishi peke yake si kipato cha 180 kwa wazazi wawili na watoto wawili. Jaribio la kwanza la kila mtu ni kugawa kwa vichwa, na linapotosha. Taa ya sebuleni inawaangazia wanne kwa gharama ileile ya mmoja. Viatu kila mtu na vyake. Kwa hiyo hutumika vizio. Katika mfumo unaotumiwa na takwimu za Umoja wa Ulaya, mtu mzima wa kwanza ni 1, kila anayeongezeka mwenye miaka 14 na zaidi ni 0.5, na mtoto chini ya hapo ni 0.3. Familia yetu ya wanne inakuwa 2.1. Kwa vichwa, 180 yao ni 45 kila mmoja, chini ya mstari wa 60. Kwa vizio ni karibu 86, juu ya mstari kwa nafasi nzuri.

Hapa ndipo pa kwenda polepole. Hiyo 0.3 haikupatikana maabara. Ni makubaliano ya wataalamu, yenye busara, lakini makubaliano, na mtoto mchanga na wa miaka 13 wanahesabiwa sawa. Halafu kuna jambo ambalo huwa linanifurahisha kuliko linavyostahili. Familia hiyohiyo ikiwa na kipato cha 130, ukigawa kwa 2.1 unapata karibu 62, si maskini. Mtoto mkubwa akitimiza miaka 14, kigawanyo kinakuwa 2.3, na matokeo yanashuka hadi 56.5. Familia imelala salama na kuamka siku ya kuzaliwa kwa kijana wao ikiwa chini ya mstari. Kijana ameongezeka siku moja tu.

Swali jingine ni kipi kihesabiwe kuwa kipato. Mstari rasmi wa Marekani ulitokana na kazi ya Mollie Orshansky miaka ya 1960: alichukua gharama ya mlo wa kubana matumizi, akaizidisha mara tatu, kwa kuwa utafiti wa 1955 ulionyesha familia zikitumia karibu theluthi ya kipato kwa chakula. Mpaka leo kipimo hicho huangalia fedha taslimu kabla ya kodi, hivyo nafuu za kodi kwa wenye watoto hakizioni. Mwaka 2021 nafuu hizo zilipanuliwa sana, mwaka uliofuata zikarudishwa nyuma. Kipimo cha nyongeza, kinachozihesabu, kilionyesha umaskini wa watoto ukipanda kutoka asilimia 5.2 hadi 12.4. Kile rasmi kilionyesha ukishuka, kutoka asilimia 15.3 hadi 15.0. Ni nchi moja na miaka ileile miwili, ila kimoja kinalia na kingine kinatabasamu.

Na vyote hivi vinasimama juu ya dodoso. Vinachukulia kwamba fedha iliyoingia nyumbani inagawiwa kwa haki kwa wote waliomo, jambo ambalo yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye watu anaweza kulitilia shaka. Watoto wanaoishi katika vituo vya malezi au wasio na makazi kwa kawaida hawafikiwi kabisa. Na wale wanaoripoti kipato cha chini kupita wote si lazima wawe wenye hali mbaya kupita wote. Uchunguzi wa matumizi umeonyesha baadhi yao wakitumia zaidi ya waliowazidi kipato, labda kwa kuwa kipato chao kiliyumba mwaka huo tu, labda kwa kuwa hawakusema chote.

Ndiyo sababu mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliidhinisha orodha ya vitu 17, vingi vyake vya kumwangalia mtoto moja kwa moja, bila kupitia mfukoni mwa mzazi. Anayekosa vitatu au zaidi kwa sababu ya fedha anahesabiwa kuwa ana uhitaji. Mzazi anaulizwa, miongoni mwa mengine, kama watoto wana jozi mbili za viatu vinavyowatosha, na kama huwaalika rafiki zao nyumbani. Majibu ni matatu: ndiyo; hapana, hatumudu; hapana, kwa sababu nyingine. Hilo la tatu liliwekwa kwa ajili ya familia zenye uwezo ambazo hazitaki tu watoto wa watu wajazane nyumbani mwao.