Je, wajua kwa nini mchumi huangalia mwezi wa angani kabla ya kupima bei ya sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu?

Swali lenyewe ni jepesi: bei ya sambaza ikipanda katika soko la Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanunuzi hupunguza kiasi gani? Kuandika bei na kilo za kila siku na kuzilinganisha hakutoshi. Watu wakipata mshahara, kilo na bei hupanda pamoja. Wavuvi wakikosa, bei hupanda lakini kilo hushuka. Daftari limechanganya wanunuzi na wavuvi.

Njia ya kuwatenganisha iliandikwa mwaka 1928 katika kitabu cha Philip Wright kuhusu ushuru wa mafuta ya wanyama na mimea: tafuta kitu kinachomgusa muuzaji peke yake. Joshua Angrist, Kathryn Graddy na Guido Imbens walichapisha mwaka 2000 hesabu ya soko la samaki la Fulton, New York, wakitumia hali ya hewa baharini. (Angrist na Imbens walipata Nobel mwaka 2021, pamoja na David Card.)

Kwenye Ziwa Kivu, kitu hicho ni mwezi. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa; mwezi mpevu ukiangaza, taa haiwavuti vizuri na mavuno hupungua, ilhali hamu ya mnunuzi ni ileile. Tuseme siku hizo kilo hupungua kwa asilimia 24 na bei hupanda kwa asilimia 30. Gawanya −24 kwa 30, upate −0.8: bei ikipanda asilimia 10, manunuzi hupungua kwa asilimia 8.

Kwanza hakikisha mwezi unasukuma bei kweli. Kipimo cha F, kinachoonyesha nguvu ya uhusiano wa mwezi na bei, kikiwa chini ya 10, jibu litayumba ovyo.

Mtego mbaya zaidi ni kalenda. Mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29.5, na mwezi wa kalenda una wastani wa siku 30.4, kwa hiyo tarehe yake husogea kama siku moja tu kila mara. Ukikusanya miezi 3, unaweza kuangukia karibu na mishahara mara zote 3, na mchanganyiko uleule umerudi. Kusanya karibu miaka mitatu au zaidi, au uzitenge siku za mishahara ndani ya hesabu.

Tena, tarehe ya mwezi mpevu hujulikana mapema, na mfanyabiashara anaweza kukausha akiba. Sambaza wabichi na wakavu waandikwe safu mbili tofauti.