Bima ya afya ya mtumishi wa umma: ile asilimia 3 inaenda wapi na inakupa nini

Kila mwisho wa mwezi mtumishi akifungua salari slipu anakuta mstari wa NHIF, yaani bima ya afya, na hela imeshakatwa, hakuulizwa wala hakusaini, na wengi wanaichukulia kama kodi nyingine tu mpaka siku mama mzazi anaambiwa ana presha na sukari kwa pamoja. Ndo hapo mtu anaanza kuuliza, hivi hii bima inafanyaje kazi, mbona mwenzangu katibiwa bure na mimi nimeambiwa dawa yangu haipo kwenye bima nikanunue? Maswali yote hayo yana mzizi mmoja na ndo ntaueleza hapa kwa lugha ya kawaida, nikiongelea Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, ndo hiyo NHIF, maana ndo wenye watumishi wa umma wengi kuliko mifuko mingine yote.

Zamani hospitali za serikali zilikuwa bure. Mwaka 1993 serikali ikaanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama, na mshahara wa mwalimu au karani haukuwa na nafasi ya kulipia oparesheni. Ikatungwa sheria ya Mfuko mwaka 1999, Mfuko ukaanza kazi 2001, na walioanza nao walikuwa watumishi wa serikali kwa sababu rahisi tu, mishahara yao inapita sehemu moja na makato ni rahisi kukusanya. Baadae wakaingia wengine, kampuni binafsi, wabunge, wanafunzi wa vyuo, watu binafsi, lakini uti wa mgongo bado ni mtumishi wa umma.

Hesabu yenyewe iko hivi. Unakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri wako anaongeza asilimia 3, jumla 6. Mwenye mshahara wa 1,000,000 anakatwa 30,000, serikali inaweka 30,000, kwaiyo kwa mwaka Mfuko umepata 720,000 kwa ajili yake. Kadi ya bima anayopewa inabeba mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne, yaani watu sita. Gawanya 720,000 kwa sita unapata 120,000 kwa mtu kwa mwaka, ambayo ni 10,000 kwa mwezi. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa mtumishi wa mshahara wa 400,000, unakuta kwa mwaka ni 288,000 kwa watu sita, yaani 4,000 kwa kila kichwa kwa mwezi. Hapo hata ukisema uende duka la dawa na hiyo 4,000 utatoka na dozi moja ya antibayotiki na chenji ya nauli.

Inawezekanaje basi mtu huyo apelekwe Muhimbili akafanyiwe oparesheni? Inawezekana kwa sababu ile hela sio akiba. Hapa ndo pengi panapokosewa. Mtu anakwambia nimechangia miaka kumi sijaumwa, hela yangu iko wapi, kana kwamba ilikuwa inawekwa kwenye akaunti yake. Haikuwekwa. Ni kama chama cha kufa na kuzikana pale mtaani, unatoa mchango na mwaka mzima huna msiba, hudai kurudishiwa, ilienda kwa aliyefiwa. Mwenye mshahara mkubwa anambeba wa mshahara mdogo, mzima anambeba mgonjwa, kijana asiye na mke anambeba mwenzie mwenye watoto wanne. Kijana huyo analalamika na kwa kweli simlaumu, lakini bila yeye mahesabu yanagoma.

Na ndo maana ni lazima. Ukiacha watu wachague wenyewe, wanaojiunga ni wale walioshaanza kuumwa, mzima anasubiri kwanza. Tumeliona hili kwenye Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto iliyokuwa 50,400 kwa mwaka. Wazazi wengi walimkatia mtoto kadi baada ya kuambiwa ana tatizo kubwa, gharama zikapanda juu ya michango, na mwaka 2023 utaratibu wa kumsajili mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, ikasemwa watoto wasajiliwe kwa makundi kupitia shule. Kelele zilikuwa kubwa, na mzazi mwenye mtoto mgonjwa alikuwa na haki ya kupiga kelele, ila hesabu ya bima haijali nani ana haki.

Faida sasa. Kubwa kuliko zote ni magonjwa yale ya kudumu na ya gharama. Mtu ambaye figo zimeshindwa anahitaji kusafishwa damu mara mbili au tatu kila wiki na kila awamu moja bila bima ni laki na kitu, piga mwenyewe kwa mwezi halafu ulinganishe na mshahara wa mtumishi wa kawaida. Bila kadi familia inauza kiwanja, inauza shamba, halafu inaanza kuchangisha kwenye magrupu ya watsapu. Saratani pale Ocean Road, moyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete, hizi ni gharama ambazo hamna mshahara wa halmashauri unaoziweza. Ya pili ni wazazi. Kwa mila zetu mtoto akipata ajira serikalini ndo hospitali ya baba na mama, na kumweka mzazi wako kwenye kadi kunakuokoa na zile simu za saa tano usiku za tuma hela tuko hospitali. Kuna faida nyingine haisemwi sana, ile hela ya bima ni mapato ya kituo chenyewe, kituo cha afya cha kata kikiwa na wagonjwa wengi wa bima kinapata pesa ya kununua dawa na vifaa, hivo hata asiye na kadi anafaidika kiasi.

Sasa tuje kwenye kitita, maana hapa ndo penye ugomvi wote. Kitita cha mafao ni orodha, ndefu sana, ya huduma na dawa ambazo Mfuko unalipia, na kila kitu kimewekewa bei yake. Kumuona daktari bei hii, eksirei bei hii, dawa fulani kidonge bei hii. Hospitali ikikuhudumia inajaza fomu, inapeleka madai, Mfuko unalipa kwa bei ya orodha na sio bei ya hospitali. Kadi yako basi haina thamani ya kile unachochangia, ina thamani ya kile kilichoandikwa kwenye ile orodha na bei iliyoandikwa pembeni yake. Daktari anaweza kukuandikia dawa nzuri tu, ukifika dirishani unaambiwa hii haipo kwenye bima, maana yake haipo kwenye orodha. Au ipo kwenye orodha ila kituo hakina, basi hapo una haki ya kupewa fomu ukachukue duka la dawa lililosajiliwa na Mfuko, na watu wengi hawajui, wanaambiwa tu dawa hamna wanatoa hela mfukoni. Au ipo, na kituo kinayo, ila bei ya Mfuko iko chini ya bei waliyonunulia, hapo dawa inaanza kupotea kimiujiza. Ni sababu tatu tofauti na mgonjwa anasikia jibu moja tu, kwaiyo ukiambiwa haipo, uliza haipo wapi.

Ugomvi wa bei ulilipuka hadharani mwezi Machi 2024. Mfuko ulianza kutumia kitita kipya tarehe 1, baadhi ya bei zikashushwa, na hospitali kadhaa binafsi chini ya chama chao cha APHFTA zikatangaza kusitisha huduma kwa wenye kadi za NHIF. Wagonjwa wakaelekezwa hospitali za serikali na za mashirika ya dini. Mfuko ulisema bei zimefuata hali ya soko, hospitali zikasema kwa bei hizo tunafunga. Mimi naona wote walikuwa na hoja, ila aliyekaa katikati ni mwenye kadi ambaye makato ya mwezi huo yalikatwa kama kawaida na hakuna aliyemuuliza kitita kipunguzwe au kiongezwe. Hilo ndo jambo linaloniudhi zaidi kwenye mpango mzima kusema ukweli, mchangiaji ndo mwenye hela na ndo wa mwisho kupata taarifa.

Changamoto nyingine ni ya kijiografia. Mwalimu wa Dar es Salaam na mwalimu wa kijijini Katavi wanakatwa asilimia ile ile. Wa Dar akiumwa anachagua hospitali, kuna za mkoa, kuna Muhimbili, kuna za binafsi kila kona. Wa kijijini ana zahanati yenye mseto, panadoli na nesi mmoja aliyechoka, akitaka ultrasaundi apande bodaboda mpaka barabara kuu halafu basi, na bima hailipi nauli wala gesti. Kwa karatasi wana haki sawa kabisa. Ukiangalia nani anatumia hela za Mfuko, mjini kunakula zaidi kwa sababu huduma ziko mjini, kwaiyo kwa namna fulani mwalimu wa kijijini anamchangia wa mjini na haijulikani kama kuna siku itageuka.

Halafu kuna mambo ya familia. Wategemezi ni wanne na familia zetu sio za watu sita. Mwenye watoto wanne hana nafasi ya mama yake, mwenye watano lazima achague. Mke na mume wote wakiwa watumishi wanakatwa wote wawili na wanaona kama wanalipa mara mbili, ingawa ukweli ni kwamba kila mmoja ana nafasi zake nne, wakipanga vizuri huyu anabeba watoto yule anabeba wazazi wa pande zote, tatizo wengi hawakai wakapanga. Mtoto akivuka umri wa utegemezi anatolewa, akiwa chuo anakatiwa bima ya wanafunzi kupitia chuo. Na ajira mpya msitegemee kadi siku ya kwanza, ina taratibu zake, peleka vyeti vya kuzaliwa na cha ndoa kwa afisa utumishi mapema maana jina likitofautiana herufi moja na la kitambulisho cha taifa cha NIDA utazungushwa.

Kuhusu udanganyifu, tusijifanye watakatifu. Mtu anampa shemeji yake kadi akatibiwe kwa jina lake, anaona amesaidia. Upande wa vituo nako kuna wanaojaza vipimo ambavyo mgonjwa hakupimwa, wanakusainisha fomu tupu wanamalizia wenyewe. Usisaini fomu tupu. Ndo sababu siku hizi uhakiki umekuwa mkali, alama za vidole, picha, vibali kwa vipimo vikubwa, na matokeo yake foleni ya dirisha la bima inakuwa ndefu kuliko ya keshi na mwenye keshi anapita mbele. Inaudhi, lakini kila hela ya uongo inayotoka inatoka kwenye kapu hilo hilo linalomsafisha mwenzio figo.

Na kapu lenyewe halijai kirahisi. CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kwenye ripoti zake alishaonya kwamba Mfuko ulikuwa ukitumia zaidi ya unavyokusanya. Sababu unaziona mwenyewe ukikaa kwenye benchi la kliniki, sukari, presha, saratani, figo, magonjwa ambayo mtu hatibiwi akapona akaenda zake, anatibiwa maisha yote. Asilimia 6 ni ile ile tangu mwanzo ila mgonjwa sio yule wa 2001. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023 na tumaini ni kwamba kapu likiwa na watu wengi zaidi, wakiwemo vijana wazima, litakuwa na nguvu, lakini wakiingia wengi wasio na kipato bila serikali kuwalipia kweli kweli, itakuwa mzigo umeongezwa kwa mbebaji yule yule.

Majirani zetu Kenya wamepita njia nyingine, tangu Oktoba 2024 mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato bila kikomo cha juu, na mwajiri haongezi kitu kwenye huo mchango. Kwahiyo mtu akikwambia wenzetu wanakatwa kidogo, mwambie kwetu nusu inalipwa na mwajiri.

La mwisho ni kustaafu, na hili wengi hawalijui mpaka barua ifike. Mchangiaji akistaafu kwa kufuata taratibu anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kuchangia tena, jambo kubwa sana ukizingatia miaka ya kuumwa ndo inaanza. Ila watoto na wazazi waliokuwa kwenye kadi wanatoka. Kama una mzazi anayetumia dawa kila mwezi na umebakiza mwaka mmoja, huu ndo wakati wa kukaa na wadogo zako wenye ajira muone nani ana nafasi ya kumweka, na hakikisha mwenza wako kasajiliwa kwa jina sahihi na cheti cha ndoa kipo kwenye faili, sio kabatini nyumbani.