Ruzuku ya njia za miguu na baiskeli: maana yake na inavyofanya kazi

Taja ruzuku mbele ya mkulima wa Kongwa, atakuuliza kama mbolea imefika. Taja mbele ya mwalimu mkuu, atawaza fedha za uendeshaji wa shule. Mwanasiasa atawaza ya chama chake. Wote wako sahihi. Ruzuku ni fedha ambayo serikali au mfuko wa umma unampa mtu au taasisi bila kuidai irudi, ila imetoka ikiwa na kazi yake. Anayepewa haruhusiwi kuigeuzia kazi nyingine, na atatakiwa kuonyesha ilikokwenda.

Hapo ndipo inapoachana na mkopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mkopo, hata kama hauna riba, na kikundi kinatakiwa kurejesha. Nimesikia watu wakiiita ruzuku, pengine ndiyo sababu marejesho yanasuasua.

Sasa weka neno hilo barabarani. Ruzuku ya njia za miguu na baiskeli ni fedha inayotoka ngazi ya juu, kwa kawaida serikali kuu, kwenda kwa mji au halmashauri ili ijenge au iboreshe njia za waenda kwa miguu, njia za baiskeli, vivuko, taa na vitu vya namna hiyo. Ngazi ya juu inahusika kwa sababu njia ya miguu haina geti la kukusanyia fedha. Hapa Dodoma, anayetembea kutoka Chang'ombe hadi Soko la Majengo halipi nauli wala haegeshi gari. Faida yake inaonekana pengine kabisa: ajali inapungua, mtoto anafika shule mzima, bajaji moja inapungua kwenye foleni. Halmashauri ikihesabu mapato yake peke yake, stendi na soko vitashinda kila mwaka.

Nchi zilizoipa ruzuku hii jina na fungu lake zinatuonyesha masharti yanavyokuwa. Uingereza, Mei 2020, serikali ilitangaza pauni milioni 250 za dharura ili halmashauri zitenge haraka nafasi ya watembea kwa miguu na wapanda baiskeli wakati wa korona. Barua iliyofuata ilikuwa kali: kazi ianze ndani ya wiki nne tangu fedha ipokelewe, ikamilike ndani ya wiki nane tangu ianze, la sivyo wizara ina haki ya kuidai irudi. Marekani wana mtindo mwingine. Katika mpango wao wa miradi ya aina hii, kwa kawaida serikali ya shirikisho hulipa asilimia 80 na wenyeji hujazia 20. Tena hailetwi kwanza: mji unatumia fedha zake, unapeleka hati za malipo, ndipo unafidiwa. Mji usio na akiba unaweza kushinda ombi na bado ukashindwa kuanza kazi.

Kwetu Tanzania mambo yamekaa tofauti, na hapa ndipo maneno yanapowachanganya wengi. Mwaka wa fedha 2004/05 serikali ilianzisha Ruzuku ya Maendeleo ya Serikali za Mitaa. Halmashauri iliyotimiza vigezo, kimojawapo kikiwa hesabu zilizokaguliwa bila kupata hati chafu, iligawiwa fedha kwa kuangalia mambo kama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Baadaye, katika miaka ya 2010, ukaja mpango wa kuimarisha miji 18, Singida ikiwemo, ambapo mji uliofanya vizuri ulipata zaidi. Fedha ile ilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia. Hazina iliikopa, kisha ikaishusha kwa miji kama ruzuku. Kwa hiyo shilingi ileile inasomeka deni Hazina na ruzuku Singida, na hakuna aliyedanganya. Ukisikia ubishi wa kijiweni kama mtaro fulani ni wa mkopo au wa ruzuku, uliza kwanza: kwa nani?

Dodoma nayo imejengewa barabara na mitaro kwa fedha za mradi wa miji ya kimkakati, na sasa iko kwenye TACTIC, mradi mwingine wa kuboresha miundombinu ya miji, ambao pia ni mkopo wa Benki ya Dunia. Katika miradi ya namna hii njia ya miguu haina fungu lenye jina lake. Inaishi kama mstari ndani ya mchanganuo wa gharama za barabara, pamoja na kalvati na mawe ya kingo. Mtaalamu wa tathmini atakwambia bei ya saruji ikipanda au mwamba ukikutwa chini, pa kukata panajulikana. Lami haikatwi. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilizishauri nchi zitenge walau asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa ajili ya kutembea na baiskeli. Fungu likishakuwa na jina, kulihamisha kunahitaji maelezo.

Kinachouma kidogo ni kwamba mji huu ulifikiriwa tofauti tangu mwanzo. Mpango mkuu wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Kanada baada ya serikali kuamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, ulitaka Dodoma iwe mji wa kutembea, baiskeli na mabasi, gari binafsi likae pembeni. Ukivuka barabara ya kwenda Nzuguni saa kumi na mbili jioni huwezi kuamini.

Mwananchi anaingilia wapi? Ruzuku haiombwi na mtu mmoja mmoja. Mwombaji ni halmashauri, au kwa barabara za mtaani, TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Lakini wazo linaanzia mkutano wa mtaa, linapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, linafika Baraza la Madiwani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Anayesimama mkutanoni mwezi wa sita kudai kivuko mbele ya shule amechelewa mwaka mzima. Wa mwezi wa kumi bado yuko ndani ya muda.

Halafu kuna matengenezo, ambayo ruzuku nyingi za ujenzi haziyagusi. Mfuniko wa mtaro ukivunjika au ukibebwa na watu wa chuma chakavu, njia ya miguu inageuka shimo, na mkandarasi ameshaondoka. Kazi hiyo inaangukia Mfuko wa Barabara, ambao kwa sheria sehemu yake kubwa ni ya matengenezo, na chanzo chake kikuu ni tozo ya mafuta. Maana yake, mfuniko anaoukanyaga muuza mkaa wa baiskeli kutoka Veyula unalipiwa na mwenye gari anapojaza tangi.