Kompyuta ya mezani isiyopiga kelele kwenye joto la Dar

Ukisoma mtandaoni majaribio ya vipoza, yaani vifaa vya kupoza prosesa (ubongo wa kompyuta), tafuta kwanza mstari mmoja ambao wengi huuruka: joto la chumba walichopimia. Mara nyingi ni nyuzijoto 20 hadi 22. Chumba cha Sinza au Tabata saa nane mchana mwezi Februari, pangaboi likizunguka na madirisha wazi, kina 31 au 32. Kama ni nyumba ya bati isiyo na siling bodi, hesabu imeshapita hapo. Kipoza cha hewa hakiwezi kushusha kitu chini ya joto la hewa kinayoivuta, kwa hiyo prosesa iliyosoma nyuzi 68 kwao itasoma karibu 78 kwako, kwa kazi ileile na feni zilezile. Nyuzi 78 hazitaiua prosesa. Nyingi za Ryzen 7000, za kampuni ya AMD, zimeruhusiwa kufika 95. Kinachoumia ni masikio, maana mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) ikiona 78 inazipandisha feni, na ile kompyuta iliyosifiwa kwa utulivu inaanza kuvuma kama blenda ya juisi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue feni gani, namrudisha kwanza kwenye wati. Karibu kila wati inayoingia kwenye prosesa na kadi ya grafiki hutoka kama joto, na lazima hewa iibebe. Chukua Ryzen 5 7600 na ndugu yake 7600X. Ya kwanza inauzwa kama ya wati 65, na ikibanwa na kazi nzito huvuta hadi 88. Ya pili ni ya wati 105 na hufika 142. Tofauti ya kasi utaiona kwenye grafu, si kwenye kazi yako ya kila siku. Wati 54 za ziada utazisikia, kwani ni karibu sawa na kuwasha balbu ya zamani ya 60 ndani ya kasha. Kama tayari una 7600X, ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi unayoifungua kompyuta inapowaka), washa Eco Mode ya wati 65 inayoipunguzia prosesa umeme, na hujatoa hata shilingi. Kwa prosesa za Intel tazama PL1 na PL2, yaani vikomo vya wati, humohumo kwenye BIOS, kwa sababu mazabodi nyingi huviacha viwango hivyo juu kuliko unavyohitaji.

Kadi ya grafiki ndiyo jiko la mkaa la kasha zima. Kwa programu kama MSI Afterburner, shusha kikomo chake cha umeme hadi asilimia 75 au 80. Kadi nyingi zimesukumwa hadi mwisho kabisa wa uwezo wao, mahali ambapo wati nyingi huleta fremu (picha za mchezo kwa sekunde) chache za ziada, hivyo unachopoteza ni kidogo kuliko kinachopungua kwenye joto. Fanya hivi kabla ya kugusa feni yoyote.

Sasa hesabu ya hewa. Ukitaka kujua hewa kiasi gani ipite ndani ya kasha, chukua wati zote, zidisha kwa 3, kisha gawanya kwa nyuzi unazokubali hewa ipande kati ya kuingia na kutoka. Jibu ni mita za ujazo kwa saa. Kompyuta ya wati 300, ukiiruhusu hewa ipande nyuzi 8: 900 gawanya kwa 8, unapata kama 112. Ukitaka nyuzi 4 tu, unahitaji mara mbili yake. Feni moja nzuri ya milimita 140 inaweza kuandikwa namba hiyo kwenye boksi, ila namba ya boksi imepimwa hewa ikipita bila kizuizi. Ukiweka chujio mbele, waya ndani na wavu nyuma, mimi huhesabu nusu. Na usisahau kwamba wati 300 hizo zinaishia chumbani. Mtu aliyekaa kimya hutoa kama wati 100, kwa hiyo ni kama umekaribisha wageni watatu kwenye chumba kimoja na mlango umefungwa. Hakuna kipoza kitakachokuokoa na chumba ambacho hewa haitoki.

Kuhusu feni zenyewe, kanuni ni moja na inafaa kuikariri: ukipunguza mzunguko kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Desibeli 10 sikio huzisikia kama nusu ya kelele. Sasa linganisha feni moja ya mizunguko 1,600 kwa dakika na feni tatu za aina hiyohiyo zikizunguka 800. Kila moja imeshuka desibeli 15; kuwa tatu kunaongeza kama 5. Umebaki chini kwa desibeli 10, na juu ya hapo hewa ni mara moja na nusu ya ile ya kwanza. Ndiyo sababu kompyuta yenye feni nyingi kubwa za polepole inakuwa kimya kuliko yenye feni moja ya bei mbaya. Nunua za milimita 140 pale kasha linapokubali, 120 pasipokubali, na zote ziwe za pini nne, ambazo mazabodi huziamuru kasi bila kugusa volti. Za pini tatu hurekebishwa kwa kupunguza volti, na zikishushwa sana baadhi hushindwa hata kuanza kuzunguka.

Kasha lenyewe liwe na wavu mbele. Yale yenye mlango mzima uliobandikwa sponji la kuzuia sauti yalibuniwa kwa vyumba vya baridi. Hapa yanabana hewa, feni zinapanda, na sponji linabaki kufunika kelele lililoisababisha lenyewe. Kioo mbele ni kibaya zaidi. Kwa wanaofikiria kujenga juu ya Dell au HP za ofisini zilizotumika: angalia kwanza pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) na soketi zake, kwa sababu nyingi za umbo dogo zina plagi za kipekee na kasha lisilopokea feni ya kawaida. Ni mashine nzuri za kazi, lakini ukizibadili utahangaika.

Kipoza cha prosesa: mnara wa mirija sita na feni mbili za 120, kwa mfano Thermalright Peerless Assassin 120 SE, unatosha kwa prosesa ya wati 88 ukiwa na akiba kubwa. Una urefu wa milimita 155. Noctua NH-D15 una 165. Soma karatasi ya kasha uone linapokea urefu gani kabla ya kwenda Kariakoo, kwani kifuniko kisichofunga kwa milimita tano ni kosa la kawaida kabisa. Vipoza vya maji sivipendekezi kwa Dar. Maji nayo yanapozwa na hewa ileile ya nyuzi 32, pampu inaongeza mlio wake, na ikifa hupati spea ya pampu. Unanunua kipoza kizima. Mnara wa hewa ukifa, kilichokufa ni feni, na feni inabadilishwa kwa dakika tano.

Kukifunga kipoza ndipo watu wengi wanapoharibu. Futa uso wa prosesa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti yenye rangi achana nayo, inaacha utando. Geuza kipoza, uangalie chini: kuna nailoni nyembamba, wakati mwingine imeandikwa neno la onyo, wakati mwingine iko wazi kama maji na huioni mpaka uielekeze kwenye mwanga. Itoe. Mashine mpya inayofika nyuzi 95 ndani ya sekunde chache baada ya kupewa kazi, mara nyingi kosa ni nailoni hiyo. Weka pesti (krimu ya kupitisha joto kutoka prosesa hadi kipoza) katikati, kiasi cha punje ya njegere. Kwa prosesa za soketi ya AM5 (kama hizo Ryzen 7000), zenye mikato pembeni, ukizidisha inatokea kwenye mikato hiyo. Haileti shoti kama pesti haipitishi umeme, ila kuisafisha ni adhabu. Shusha kipoza wima, usikizungushe. Kaza skrubu ya kwanza mizunguko miwili, nenda ya pili mizunguko miwili, rudi ya kwanza, mpaka zote zigome zenyewe. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, upande mmoja unainuka na pesti inakuwa nene upande huo. Kisha hakikisha feni ya kipoza inasukuma hewa kuelekea nyuma ya kasha. Upande wenye mikono inayoshikilia mota ndiko hewa inakotokea.

Feni za kasha zipange hivi: mbili au tatu mbele zikiingiza, moja nyuma ikitoa. Usijaze za kutoa juu. Nia ni hewa inayoingia izidi inayotoka, ili kila upenyo usio na chujio uwe unapumua nje. Ikiwa kinyume, kasha linanyonya vumbi la Goba kupitia kila tundu la USB. Kuhakikisha, washa kijiti cha udi, kipitishe polepole kwenye matundu ya nyuma na maungio ya vifuniko. Moshi ukisukumwa nje, umepatia. Ukivutwa ndani, ongeza kidogo mzunguko wa feni za mbele au punguza wa nyuma.

Kinachokera kuliko kelele ya kudumu ni feni inayopanda na kushuka kila sekunde tano. Mipangilio ya kiwandani mara nyingi huanza kupandisha feni kwenye nyuzi 40 hadi 50, na hapa kwetu kompyuta isiyofanya lolote imeshakaa 45. Kila ukifungua ukurasa, inashtuka. Ingia BIOS uweke mstari wako wa kasi ya feni: asilimia 30 hadi nyuzi 60, asilimia 45 kwenye 75, asilimia 65 kwenye 85, na 100 kwenye 92. Pale penye mpangilio wa kuchelewesha, weka sekunde 5 au zaidi za kupanda. Halafu sikiliza. Kuna kasi ambayo bati la kasha litaanza kuitikia kwa mvumo mzito. Ukiipata, panga mstari uiruke kasi hiyo, usitulie hapo. Na usihangaike kufukuza desibeli 20. Pangaboi lako pekee limeshapita hapo, na bodaboda za nje hatujazihesabu. Lengo ni usisikie kompyuta usiku, pangaboi likiwa namba moja.

Mtetemo una dawa ya bei ya ndala. Kata vipande vinne vya soli ya ndala iliyochoka, kila kimoja kama sentimita tatu kwa tatu, uviweke chini ya miguu ya kasha. Meza ya mbao nyembamba hufanya kazi kama ngoma, na raba hiyo inaikatia mawasiliano. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 hutoa mvumo wa hezi 120 ambao hakuna feni ya polepole itakayouficha. Weka mfumo na kazi zako kwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Diski kubwa ya kuhifadhia iwe ya nje, uichomeke unapoihitaji.

Kisha umeme. UPS nyingi ndogo (boksi za betri za kushikilia kompyuta umeme ukikatika) na inveta za bei nafuu, zikiwa kwenye betri, hazitoi wimbi laini la umeme bali la ngazi ngazi. Pawasaplai ya kisasa inaweza kulia nalo kama nyuki, na nyingine hukataa na kuzima pale umeme unapokatika, yaani wakati uleule UPS ilipotakiwa kusaidia. Tafuta UPS iliyoandikwa kwamba inatoa wimbi halisi. Pawasaplai ya wati 650 kwa mashine inayotumia 300 inafanya kazi karibu na nusu ya uwezo wake, ambako hupoteza umeme kidogo, na nyingi hapo feni yake husikika kwa shida.

Kupima, chukua kipimajoto cha chumba ukiweke kando ya wavu wa mbele. Endesha Cinebench (programu ya kuibana prosesa kwa kazi nzito) nusu saa, andika joto la prosesa, toa joto la chumba. Namba inayobaki ndiyo ya kutunza. Ukirudia baada ya miezi mitatu ukakuta imeongezeka kwa nyuzi 8, si msimu umebadilika, ni vumbi.

Chujio la mbele lisafishe kila baada ya wiki mbili au tatu wakati wa kiangazi, lioshe kwa maji na ulianike likauke kabisa. Ndani tumia brashi laini na kipulizi cha mkono, huku umeshika panga za feni kwa kidole zisizunguke, kwa sababu zikizungushwa kwa nguvu zinageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye mazabodi. Usiipeleke kwa fundi pancha kupulizwa kwa kompresa: hewa ile hubeba maji na mafuta ya mashine. Walio Kigamboni au Msasani, karibu na bahari, wasiiweke dirishani kwenye upepo wa chumvi. Na wenye kiyoyozi, mkishakizima na kufungua madirisha, msiiwashe mashine iliyolala kwenye baridi ya nyuzi 20 papo hapo. Hewa ya nje ya Dar ina unyevu wa kutosha kuacha umande kwenye chuma hicho. Ipeni nusu saa.