Kompresheni na taimingi: kwa nini injini ndogo ina cheche na petroli lakini haiwaki

Jenereta, pampu ya maji au mashine ya kukata nyasi ikigoma kuwaka, watu hukimbilia plagi na kabureta, na mara nyingi wanapatia. Kazi huanza pale ambapo plagi ni mpya, petroli inafika, cheche inaonekana kwa macho, na bado injini inakohoa tu. Hapo ndipo fundi hutaja kompresheni na taimingi.

Kompresheni ni kule kubanwa kwa mchanganyiko wa hewa na petroli pistoni inapopanda. Katika injini nyingi ndogo mchanganyiko hubanwa hadi kubaki kama sehemu moja ya nane ya nafasi uliyokuwa nayo. Ili ubanike, silinda isivuje popote: si kwenye ringi za pistoni, si kwenye valvu (vilango vya kuingiza mchanganyiko na kutolea moshi), si kwenye gasketi ya hedi, yaani kifuniko cha silinda.

Taimingi ni swali la wakati: jambo gani litokee pistoni ikiwa wapi. Na hapa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu taimingi ziko mbili, ya cheche na ya valvu. Kila moja ina njia yake ya kuharibika.

Cheche haingoji pistoni ifike juu kabisa. Moto unahitaji muda kusambaa ndani ya silinda, na muda wenyewe ni mdogo mno: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, digrii 20 za mzunguko hupita kwa takriban sekunde 0.001. Kwa hiyo plagi hutoa cheche mapema kidogo, ili nguvu ya mlipuko iikute pistoni ndiyo kwanza inaanza kushuka.

Anayepanga wakati huo ni sumaku iliyo kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, inapopita mbele ya koili inayozalisha umeme wa cheche. Flaiwili nayo hushikiliwa mahali pake kwenye krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kipande kidogo cha chuma, yaani kii. Kisu cha mashine ya nyasi kikigonga jiwe au kisiki, injini husimama ghafla, flaiwili inataka kuendelea, kii inapinda au kukatika. Tangu hapo sumaku inapita kwa wakati usio wake. Dalili zake ni kamba ya kuwashia kukurudisha mkono kwa nguvu, au mlio wa kulipuka kupitia kabureta au ekzosi. Ukichomoa plagi na kuitazama, cheche ipo tena nzuri, ndiyo maana watu hununua koili ambayo haikuwa na kosa. Kii ni rahisi kuliko koili, ianze hiyo.

Taimingi ya valvu hupangwa na gia ya krenki na gia ya kamshafti, shafti inayofungua valvu, na kamshafti huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Gia hizo zina alama zinazopaswa kutazamana. Ukikosea jino moja wakati wa kufunga, valvu hufunguka na kufunga nje ya wakati, na kompresheni inaweza kushuka ingawa ringi na valvu zote ni nzima. Kosa hili halizuki lenyewe, isipokuwa gia imevunjika meno. Kwa hiyo swali la kwanza ni: injini hii ilishafunguliwa?

Kupima kompresheni kwa geji kuna mtego. Injini nyingi za mapigo manne zina kifaa kinachoachia valvu moja kidogo wakati wa kuwasha ili kamba isiwe nzito, hivyo geji husoma chini hata injini ikiwa salama. Mimi huamini zaidi kipimo cha kusikiliza. Weka pistoni juu kabisa valvu zote zikiwa zimefungwa, shikilia flaiwili isizunguke, kisha ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi. Hewa ikivuma kwenye kabureta, ni valvu ya kuingiza. Kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi. Kwenye tundu la kijiti cha oili, ringi. Asiye na kompresa amwagie kijiko cha oili ndani ya silinda, kisha apime tena kwa geji. Namba ikipanda sana, lawama ni za ringi.

Kabla ya kufungua hedi, pima nafasi ya tapeti, yaani pengo kati ya valvu na kinachoisukuma, injini ikiwa baridi. Kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya milimita, kama 0.10 hadi 0.20, lakini fuata kitabu cha injini yenyewe. Nafasi ikiwa finyu mno, injini inaweza kuwaka vizuri asubuhi, ikazima ikipata moto na kukataa kuwaka hadi ipoe, kwa sababu valvu imerefuka kwa joto na haikai sawasawa. Ikiwa pana mno, kile kifaa cha kupunguza kompresheni hakifanyi kazi, na kamba inakuwa nzito kama mtu ameishika upande wa pili.

Injini za mapigo mawili, kama za misumeno, kwa kawaida hazina valvu hizi wala kamshafti. Huko fungua ekzosi, chungulia pistoni kupitia tundu la moshi. Mikwaruzo ya wima ubavuni mwake inatosha kueleza kompresheni ilikokwenda.