China Ilivyobadili Mwendo Baharini

Mvuvi wa Dunga au Sori, Ziwa Victoria upande wa Kenya, hahitaji kufafanuliwa mzozo wa mpaka majini ni nini. Anakijua kisiwa cha Migingo: jiwe lililofunikwa mabati, mbuta kandokando yake, na polisi wa Uganda juu yake ilhali Kenya inasema ni lake. Mwenye askari pale ndiye anayetoza ushuru, ramani iseme itakavyo. China nayo imelifanyia kazi jambo hilohilo, ila kwa mitambo na fedha nyingi zaidi.

Enzi za kiongozi wake Deng Xiaoping, Beijing iliwaambia majirani wa Bahari ya China Kusini: ugomvi tuuweke kando, tuchume pamoja. Wakati huo ilihitaji wawekezaji kuliko miamba. Tusiipambe sana subira hiyo, lakini. Mwaka 1974 China ilikuwa imeshawafurusha wanajeshi wa Vietnam Kusini kutoka visiwa vya Paracel, na 1988 Wavietnam 64 waliuawa katika makabiliano kwenye mwamba wa Johnson Kusini.

Uchumi uliponenepa, lugha ikabadilika. Mwaka 2009 China iliwasilisha Umoja wa Mataifa ramani yenye mistari tisa ya vipande, inayozunguka karibu bahari yote hiyo. Mwaka 2012 ikaudhibiti mwamba wa Scarborough, wanakovua Wafilipino. Kisha, kuanzia mwishoni mwa 2013, zikaja meli za kufyonza mchanga: zinachimba sakafu ya bahari, zinaumwaga juu ya matumbawe, saruji inafuata, halafu rada. Mwamba wa Fiery Cross, ambao maji yalikuwa yakiufunika karibu wote, sasa una njia ya ndege ya takriban kilomita 3.

Wengi hudhani kazi hii hufanywa na manowari. La. Wanaotangulia ni walinzi wa pwani na mashua za uvuvi zenye wanamgambo, wanaowazingira wenzao na kuwamwagia maji kwa mabomba yenye nguvu. Hakuna risasi inayolia, kwa hiyo ni vigumu kwa Manila, yaani serikali ya Ufilipino, kusema imevamiwa na kumwita mshirika wake Marekani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ujanja wote ulipo.

Sheria ipo. Mkataba wa Bahari wa 1982 huipa nchi ya pwani ukanda wa kiuchumi wa hadi maili 200 za baharini, na mwamba uliojengwa juu haugeuki kisiwa kisheria. Julai 12, 2016, jopo la usuluhishi lililoketi The Hague lilikubaliana na Ufilipino kwamba madai ya China ya haki za kihistoria ndani ya mistari ile hayana msingi. China haikushiriki kesi, na uamuzi ikaukataa.

Nairobi haina ubavu wa kuinyooshea kidole Beijing kwa hilo. Mwaka 2021 Kenya ilijiondoa kwenye kesi ya mpaka wa bahari iliyofunguliwa na Somalia, na hukumu ilipotoka Oktoba 12, ikatangaza haiitambui.