Nywila Zenu Sizitaki

Nimetumiwa tena WhatsApp picha ya ukurasa wa daftari: nywila ya imeili ya ofisi, ya ruta, ya tovuti, ya Facebook, na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, namba ya siri ya M-Pesa ya mweka hazina. Ujumbe wake: "Mtaalamu, vyote hivyo hapo, sisi tunakuachia." Mkataba hatujasaini. Bei hatujapatana. Hata sura yangu hawaijui.

Wengi wanaamini kuwa kuajiri mtu wa usalama wa mtandao ni kupata wa kumkabidhi kila kitu, kisha wao wakalale. Jamani, hapana. Kazi ya kwanza ya mshauri wa kujitegemea, iwe kwa ofisi ya watu watano au kwa familia, ni kuhakikisha mnaweza kumfukuza kesho asubuhi na mambo yakaendelea. Mshauri asiyefukuzika ndiye hatari yenyewe.

Chukua domeini, lile jina la anwani ya tovuti na imeili zenu, maana hapo ndipo ninapochoka. Shule au asasi inataka tovuti. Kijana mmoja, mara nyingi mwaminifu kabisa, anafungua akaunti kwa msajili, kampuni inayouza majina hayo, kwa Gmail yake, analipa kwa kadi yake, na jina la mmiliki linasomeka lake. Baadaye anapata kazi mkoani na namba anabadilisha. Domeini inaisha muda, tovuti inazimika, na uongozi unanipigia kulilia tovuti. Tovuti itajengwa upya! Angalieni imeili. Imeili za ofisi zinategemea DNS, yaani rejesta ya mtandao inayoonyesha jina lielekee wapi, ya domeini hiyohiyo, na humo ndimo vinamoingia viungo vya kubadilishia nywila za huduma nyingine zote. Domeini ikishaachiliwa, mtu yeyote anaweza kuisajili, akaweka rekodi zake za MX (zinazoelekeza imeili zifike wapi), akabonyeza "nimesahau nywila", akangoja. Hajavunja mlango wowote, na antivirus yenu haina cha kupekua. Fundi aliyekujengea nyumba humwandiki kwenye hati ya kiwanja. Huku mnamwandika kwa nini?

Akaunti ya msajili iwe ya taasisi. Na imeili iliyoandikwa pale isiwe ya domeini hiyohiyo, maana ikizimika, ujumbe wa kuihuisha utafikia wapi? Admin wakuu wawe wawili, watu wawili tofauti, wote wa ndani. Mimi nifungulieni akaunti yangu yenye ruhusa za kazi niliyopewa tu, na nikimaliza mnaifuta. Hiyo inanilinda hata mimi: kikifutwa kitu, logi, yaani kumbukumbu za mfumo, zitaonyesha ni akaunti ya nani. Kwa Tanzania kuna na sheria, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inamtenga mkusanyaji wa taarifa, anayeamua zitumikeje, na mchakataji wake, anayezifanyia kazi kwa niaba yake. Kuniita mimi hakuwafanyi ninyi muache kuwa wakusanyaji wa taarifa za wanafunzi wenu.

Nyumbani ni yaleyale. Mama ananunua simu, muuzaji anamfungulia akaunti ya Google palepale kaunta kwa nywila anayoijua yeye muuzaji. Siku simu inarisetiwa, inaweza kudai akaunti ya mwanzo. Hiyo ni kinga ya Android dhidi ya wezi, ipo tangu toleo la 5.1, na sasa mwenye simu ndiye anayeonekana mwizi. Mkiwa hapo fungueni WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, mtazame kama kompyuta ya fundi bado imo.

Mengine haraka. Bakapu ambayo hamjawahi kujaribu kuirejesha msiihesabu. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, basi pangeni. Mshauri anayewauzia pia leseni na vifaa, mwulizeni kamisheni yake ni kiasi gani kabla hamjasikiliza ushauri.

Sasa sehemu isiyonipa raha. Nikisharudisha funguo kwa ofisi, zinakaa kwa katibu ambaye akipata imeili ya "akaunti yako itafungwa leo" anabonyeza. Pengine kwangu zingekuwa salama zaidi. Bado nazirudisha, ila siwezi kuapa kwamba kila ofisi imepona kwa hilo. Vilevile uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila kisha namba inayokuja kwenye simu: vitabu vinasema uwashwe kila mahali, mimi nawaona wengi zaidi wanaojifungia nje baada ya kupoteza laini kuliko wanaodukuliwa. Kwa hiyo nawaambia wachapishe zile namba za akiba za kuingilia simu ikipotea na kuziweka kwenye kabati la chuma pamoja na risiti. Ndiyo, karatasi. Wenzangu wa vyeti wanisamehe.

Na tarehe ya kuhuisha domeini iandikwe kwenye kalenda ya mhasibu, si yangu. Ya .com inalipiwa hadi miaka 10 kwa mkupuo. Kama mhasibu wenu ni msahaulifu, lipeni hata mitano, mnipunguzie simu za usiku.